Fundi Nyumbani, Soja Ugenini

Mazungumzo na vijana wa Ozi, Tana Delta, baada ya swala ya Alasiri. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.



Wazee wangu, mama zangu mlioko upande ule, na nyinyi vijana ambao ndio hasa nimekuja kuzungumza nanyi. Alhamdulillahi tumekutana. Nimeambiwa nizungumze kwa nusu saa. Nitajaribu, lakini mnajua mtu wa hapa akipewa maikrofoni ni kama Tana ikifurika, hakuna wa kuizuia.

Wengi hapa wanijua. Wakubwa wanikumbuka nikivusha watu kwa mtumbwi kwenda Kipini nikiwa bado na kaptura ya shule. Wadogo wanijua kwa jina moja tu: "yule wa Doha." Leo nataka niwaambie yule wa Doha alikuwa nani hasa. Maana kuna jambo sijawahi kulisema mbele za watu, na nimeona nilisemee hapa, nyumbani.

Mada niliyopewa ni hii: kijana mwenye ujuzi akihama nchi, ujuzi wake huishia wapi? Nitaanza na kisa changu, kisha ya wenzetu wa Uingereza, Ujerumani na Canada, halafu tuulizane la kufanya.

Mimi nilisomea umeme. Diploma, miaka mitatu. Nilikuwa najua kufunga waya nyumba nzima, kusoma mchoro, kutafuta hitilafu kwenye mota mpaka niipate. Nilipomaliza nilitafuta kazi Malindi, nikatafuta Mombasa, nikaambulia vibarua vya siku mbili tatu. Nyumbani nako mnajua hali. Maji ya chumvi yanapanda mto, mashamba ya mpunga yanaungua, na mzee aliyekuwa akivuna magunia sasa anavuna madebe. Ndipo akatokea ajenti, akasema kuna kazi ya fundi wa stima Qatar. Alitaka shilingi 120,000. Baba aliuza maembe ya misimu miwili kabla hayajaiva. Baba mdogo akauza mashine ya boti. Mashine ya boti, jamani! Mtu wa mtoni akiuza mashine, ameuza miguu.

Nikafika Doha. Uwanja wa ndege nikapewa karatasi nitie saini. Imeandikwa Kiarabu na Kiingereza, na kwenye mstari wa kazi hapakuwa na neno umeme. Palikuwa na neno mlinzi. Soja. Nikauliza, nikajibiwa: "Saini, mengine tutayapanga baadaye." Nina deni, nina tikiti ya kwenda tu, na pasipoti imeshachukuliwa. Nikasaini.

Nikasimama mlangoni pa jengo saa kumi na mbili kwa siku. Ndani ya jengo lile, mafundi wa stima walikuwa wakipita na mikoba yao ya vifaa. Siku moja mota ya pampu ilikataa, nikawaambia hitilafu iko wapi. Wakacheka. Walipofungua wakakuta ni pale pale niliposema. Msimamizi akanipigapiga bega, akasema, "Soja hodari." Nikarudi mlangoni.

Sasa sikilizeni lile nililosema nitalisema. Nilipopiga simu nyumbani, mama akaniuliza kazi vipi. Nikasema nzuri, natengeneza stima kwenye jumba la ghorofa ishirini. Nikaazima kofia ya ujenzi ya mwenzangu, nikapiga picha, nikaituma. Picha ile ilizunguka Ozi, ikafika Kilelengwani, ikafika Witu. Mwaka uliofuata, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyekuwa na karatasi zake nzuri za ufundi wa mabomba, alikwenda kwa ajenti yule yule akalipa pesa zile zile. Alipoulizwa una uhakika gani, alionyesha picha yangu.

Ndugu yangu huyo yupo hapa, amekaa nyuma pale. Ameshanisamehe, Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini ile miaka miwili aliyofagia kwenye ghala, mimi nina sehemu yangu ya lawama. Ajenti alimdanganya kwa mdomo. Mimi nilimdanganya kwa picha.

Basi vijana, la kwanza nawaomba tuiache hii aibu. Hakuna aibu ya kuwa soja. Usoja ni kazi ya halali, na kufagia ni kazi ya halali. Aibu ilikuwa ni ile kofia ya kuazima. Kila mmoja wetu akificha, anayefuata anaingia gizani.

Tuulize sasa: kwa nini fundi anakuwa soja, mwalimu anakuwa mtumishi wa ndani, nesi anakuwa msaidizi? Je, ni bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja? Hapana. Kuna milango minne, na kila mlango una bawabu wake.

Mlango wa kwanza ni visa. Kazi yako ng'ambo haiamuliwi na cheti chako, inaamuliwa na lile neno lililoandikwa kwenye visa. Dada zetu wangapi wa Pwani wana vyeti vya ualimu wa chekechea wakaenda Saudia kwa visa ya kazi ya nyumbani? Akishaingia kwa visa ile, ualimu wake umebaki begini. Tena Saudia ilipofanya mageuzi ya mwaka 2021, ya kumruhusu mfanyakazi kuhama mwajiri kwa urahisi zaidi, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Mnaona? Neno moja kwenye karatasi linakupunguzia mshahara na linakupunguzia haki.

Qatar nayo ilibadilisha sheria mwaka 2020, mtu akaruhusiwa kuhamia kazi nyingine bila barua ya ruhusa ya bosi wake. Machi 2021 ukawekwa mshahara wa chini wa riali 1,000 kwa mwezi, na asiyepewa chakula na malazi aongezewe pesa za hayo. Sheria ile ndiyo iliyonitoa mimi mlangoni. Lakini haikunitoa peke yake. Nilikuwa nimeshatuma diploma yangu Nairobi ikapigwa mihuri wizarani na ubalozini, na nilikuwa nimejifunza Kiarabu cha kazi. Sheria ilipofunguka, karatasi zilikuwa tayari. Nikapata kazi ya ufundi kwenye hoteli, mshahara ukawa zaidi ya mara mbili. Kuna wenzangu waliokuwa na ujuzi kunishinda, ila vyeti vyao vilikuwa kwenye sanduku la bati huku Kenya. Wao walibaki pale pale.

Mlango wa pili ni cheti na lugha. Hapa nawataka manesi na wanaosomea unesi. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi wetu kule. Watu walishangilia. Mwanzoni mwa 2022 waziri wa afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, akasema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio walifaulu. Manesi wetu wakachekwa mitandaoni. Lakini tazameni mtihani wenyewe. Baraza la wauguzi la Uingereza linataka alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Mtu amehudumia wagonjwa kwa Kiingereza miaka kumi, lakini hajawahi kuandika insha ya dakika arobaini tangu sekondari. Mtihani ule unataka mazoezi kama unavyofanyia mazoezi leseni ya kuendesha gari. Baada ya lugha kuna mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo kule kule Uingereza. Mpaka avuke yote hayo, nesi aliyesajiliwa hapa Kenya hufanya kazi kule kama msaidizi, kwa mshahara wa msaidizi.

Wengine wakaona njia ya mkato. Februari 2022 Uingereza ilifungua visa kwa walezi wa wazee. Walimu wakaenda, wahasibu wakaenda, watu wenye digrii wakaenda kulea wazee. Machi 2024 wakaambiwa walezi wapya hawaruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto. Julai 2025 mlango ukafungwa kabisa kwa walezi wapya kutoka nje. Sisemi kulea wazee ni kazi duni. Sisi tumefundishwa thamani ya kumhudumia mzee. Nasema, aliyeacha taaluma yake akategemea mlango wa watu amejenga kwenye ukingo wa mto. Mto ukihama, hakuulizi.

Ujerumani nayo. Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, nchi yetu ilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa kazi na Ujerumani. Mkaambiwa nafasi 250,000, sivyo? Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha, ikasema makubaliano hayana idadi yoyote. Ila hapa Pwani kuna watu walishalipa pesa ya fomu kwa sababu ya hizo 250,000. Makubaliano yapo, ni kweli. Na Ujerumani ina jambo moja zuri ambalo kijana wa ufundi alijue: tangu Aprili 2012 wana sheria inayompa mtu aliyesoma nchi nyingine haki ya kuomba cheti chake kipimwe na kulinganishwa na cha kwao. Wakikuta kimepungua, wanakuambia kimepungua wapi, ukasome kipande hicho. Lakini ufunguo ni Kijerumani. Bila lugha, hiyo haki utaisikia tu.

Na Canada. Pengine mmesikia ule msemo kwamba madaktari kule wanaendesha teksi. Je, ni kweli au ni maneno ya mabarazani? Idara ya uhamiaji ya Canada yenyewe ilitoa utafiti mwaka 2012, kwa hesabu za sensa ya 2006. Madereva wa teksi nchi nzima walikuwa kama 50,000, karibu nusu yao wahamiaji. Ndani yao mlikuwa na watu 255 waliosomea udaktari au kufika shahada ya uzamivu, na 200 katika hao walikuwa wahamiaji. Kwa hivyo msemo umetiwa chumvi, lakini una mzizi. Na tatizo kubwa lilikuwa nini? Mwajiri anakuuliza, "Una uzoefu wa kazi wa Canada?" Utaupata wapi, nawe ndiyo kwanza umeshuka kwenye ndege? Mwaka 2013 tume ya haki za binadamu ya jimbo la Ontario ikatamka kwamba kumdai mtu uzoefu wa Canada peke yake ni sura ya ubaguzi, mpaka mwajiri aonyeshe sababu ya haki. Mnaona faida ya kudai? Watu hawakukaa wakanung'unika tu. Walipeleka malalamiko, yakasikika.

Mlango wa tatu ni jina na vazi. Na hili linatugusa sisi moja kwa moja, kwa hivyo nitaleta ushahidi, nisiseme kwa hisia. Kuna mtafiti anaitwa Doris Weichselbaumer. Alituma maombi ya kazi kama 1,500 kwa makampuni ya Ujerumani, na matokeo yakatolewa mwaka 2016. Sifa za waombaji zilikuwa sawasawa, picha ni ya mwanamke yule yule. Kilichobadilika ni jina na mtandio. Alipokuwa na jina la Kijerumani, aliitwa kwenye mahojiano karibu mara 19 katika kila maombi 100. Alipokuwa na jina la Kituruki bila mtandio, mara 13 na nusu. Jina la Kituruki na mtandio kichwani: mara 4. Cheti ni kile kile. Uzoefu ni ule ule.

Sasa dada yangu, nisikilize. Sijaleta hesabu hii ili uvue mtandio, wala ili ukate tamaa. Nimeileta ili, ukituma maombi ishirini usijibiwe hata moja, usiamke usiku ukajiambia wewe ni mjinga. Hukufeli wewe. Na ujue pia kwamba kuna sheria. Marekani, mwaka 2015, msichana anayeitwa Samantha Elauf alishinda katika Mahakama ya Juu. Duka la nguo la Abercrombie & Fitch lilimnyima kazi kwa sababu ya mtandio wake. Tume ya serikali ya usawa kazini ndiyo iliyompigania, na majaji wanane kati ya tisa wakakubaliana naye. Uingereza wana sheria ya usawa ya mwaka 2010. Ujerumani wana yao ya 2006. Anayebaguliwa akinyamaza, sheria nayo inalala.

Mlango wa nne uko huku huku kwetu, na huu ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu unafungwa kabla mtu hajaona ndege. Nazungumzia kitambulisho na pasipoti. Mtoto wa Kiislamu wa kaunti za mpakani amezoea kupigwa msasa, aambiwe lete cha babu, lete mzee wa kukutambua, njoo wiki ijayo. Februari 2025, Rais Ruto alitia saini huko Wajir tangazo la kuondoa msasa huo. Tumeshukuru. Lakini tangazo ni la Wajir na kaunta ni ya hapa. Ukinyimwa, andika tarehe, andika ofisi, andika ulichoambiwa, ulete kwa wanaotetea haki. Malalamiko ya mdomo hupotea kama povu la mtoni. Ya karatasi hubaki.

Kwa nini nalitia hili kwenye habari ya ujuzi? Kwa sababu anayecheleweshewa pasipoti miezi minane ndiye anayeangukia mikononi mwa ajenti wa njia za panya. Kazi nzuri husubiri wiki mbili. Kazi mbaya husubiri wakati wote.

Mpunga tunaujua sisi. Mche unapohamishwa kutoka kitaluni hulegea siku za kwanza, unainamisha kichwa. Hiyo ni kawaida, usiogope. Ukipata maji matamu utainuka. Maji yakiwa ya chumvi, hata ungekuwa mche bora kuliko yote, hauinuki. Basi kabla ya kuhama, onja maji ya huko unakokwenda.

Vipi unaonja? Nitasema kwa ufupi.

Moja, tambua karatasi yako ina uzito gani. Fundi seremala, fundi mwashi, fundi wa magari uliyefundishwa na babako bila kukanyaga chuo, nenda ukafanye mtihani wa NITA wa gredi ya tatu, upande mpaka ya kwanza. Mikono yako inajua, lakini bawabu wa ugenini hasomi mikono. Mwenye cheti cha chuo, hakikisha chuo chako kinatambuliwa, na mihuri yote ipigwe ungali hapa.

Mbili, ajenti umtafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hayumo? Hata akiwa ni mjomba wako, usimpe shilingi. Na ukilipa, tumefundishwa na dini yetu kuandika deni na kuweka mashahidi. Huyu anayesema "sisi ni ndugu, hakuna haja ya risiti," ndiye hasa wa kudaiwa risiti.

Tatu, soma mkataba ukiwa Kenya. Kazi iliyoandikwa kwenye mkataba na kazi iliyoandikwa kwenye visa ziwe moja. Zikitofautiana, usipande ndege. Najua ni vigumu, mashine ya boti imeshauzwa. Lakini kurudi kutoka Mombasa ni rahisi kuliko kurudi kutoka Doha.

Nne, ukikubali kazi ya chini, iwe umekubali kwa macho wazi, na uwe na muda maalumu. Sema: mwaka mmoja na nusu, huku nasoma lugha, huku napimisha cheti. Asiye na tarehe hukaa miaka kumi, akirudi nyumbani ujuzi umeshika kutu.

Tano, mwambie mama ukweli.

Na kuna jambo la mwisho, tusije tukaonekana tunadai kwa watu tusichowapa wengine. Kenya hii ina wakimbizi wa Dadaab na Kakuma. Wamo walimu, wamo madaktari, wamo mafundi kutoka Somalia, Congo, Sudan Kusini. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inatambua kuwa mkimbizi mwenye sifa anaweza kufanya kazi yake, lakini kibali cha kazi akipate kwanza, na kukipata ni safari. Wangapi kati yetu tumewahi kumwita mtu kama huyo mgeni asiyejua kitu? Kile kicheko cha wale mafundi wa Doha, mimi nilikisikia tena hapa Kenya, tukimcheka mwenzetu. Tukidai haki ya cheti chetu kule, tudai na ya cheti chake hapa.

Wazee, vijana, sikuja kuwaambia msiende. Watu wa pwani hii wamesafiri tangu zamani za matanga, na mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 za Marekani. Nyumba ngapi zimeezekwa mabati kwa pesa hizo, hata hapa Ozi? Enda, ukipenda. Lakini enda kama fundi, na kama ni soja basi ujijue mapema kuwa ni soja, kwa bei ya soja, kwa muda uliouchagua mwenyewe.

Mashine ya boti ya baba mdogo niliinunua tena. Ilinichukua miaka mitano. Ile kofia ya kuazima sina tena, na picha nimeifuta, ingawa najua iko kwenye simu za baadhi yenu. Nawaomba nanyi muifute. Mkiulizwa yule wa Doha alikuwa nani, semeni alikuwa soja, kisha akawa fundi, na katikati alisema uongo ambao leo ameutubia mbele yenu.

Mwenyezi Mungu awafungulie riziki ya halali, ya karibu na ya mbali, na awalinde walioko ugenini mpaka warudi salama.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mpelekee maneno haya mwenzako anayejiandaa kusafiri, kabla hajalipa.